Jinsi ya kuandaa kongamano la kimataifa la sayansi ya michezo na mazoezi: mwongozo kwa anayeanza, mfano wa Arusha

Kila baada ya miezi michache napigiwa simu na mwalimu wa chuo fulani, "mkuu, idara yetu tumeambiwa tuandae kongamano la kimataifa la sayansi ya michezo, tunaanzia wapi?" na maswali ni yaleyale kila mara, ukumbi upi, ada kiasi gani, viza za wageni zinakuwaje, ikisiri (mihtasari ya tafiti zitakazowasilishwa) nani anazisoma, mgeni rasmi aingie saa ngapi. Nimekaa kwenye sekretarieti za makongamano ya namna hii zaidi ya mara moja, mengine yalienda vizuri na mengine tuliumia, kwa hiyo naandika yote hapa, ukishasoma utabaki na maswali madogo madogo tu ya kwenu.

Natumia Arusha kama mfano maana ndiko ninakokujua, na kwa fani yetu mji unafaa sana. Uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wanariadha wako palepale. Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kazaliwa Karatu, na Alphonce Simbu aliyechukua dhahabu ya marathon ya dunia Tokyo Septemba 2025 kwa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani aliyemfuata, kajifua Arusha. Mgeni anayesoma fiziolojia ya wakimbiaji haji hapa kuangalia slaidi peke yake, anakuja pia kuona watu wanakimbia. Hilo liweke kichwani tangu siku ya kwanza.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Muda wa miezi 15 hadi 18. Chini ya miezi 10 usiliite la kimataifa, fanya warsha ya kitaifa kwanza.
- Barua ya uongozi wa chuo inayosema wazi kwamba chuo ndio mwenyeji na hela zitapita akaunti gani. Bila hiyo barua usitangaze kitu.
- Watu 6 wanaofanya kazi kweli. Kamati ya watu 25 itapigwa picha tu, kazi watafanya walewale 6.
- Barua pepe ya kongamano yenye anwani ya chuo. Siku hizi kuna makongamano feki mengi yanayokusanya ada halafu hayafanyiki, kwa hiyo profesa wa nje akiona anwani ya bure ya gmail anafuta bila kusoma.
- Tovuti, hata ya kurasa tatu, yenye majina halisi ya wanakamati na ukumbi.
- Mfumo wa kupokelea ikisiri, EasyChair au mwingine wowote utakaouweza. Ikisiri zikiingia kwenye barua pepe ya mtu mmoja zitapotea, nakuhakikishia.
- Hela ya kuanzia, maana ukumbi unataka malipo ya awali wakati ada hata moja haijaingia.

Hatua kwa hatua

1. Chagua tarehe ukiwa na kalenda kadhaa mezani. Hapa ndo wengi wanakosea mapema kabisa. Kalenda ya kwanza ni ya fani yenyewe: mkutano mkubwa wa ACSM, chama cha Wamarekani cha tiba ya michezo, huwa mwishoni mwa Mei, na ule wa ECSS, chama cha Ulaya cha sayansi ya michezo, huwa mwanzoni mwa Julai, ukiweka lako wiki hizo unajinyima wageni mwenyewe. Ya pili ni ya mvua, masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kumpeleka mtu uwanjani wala kambini. Ya tatu ni ya utalii, Julai mpaka Septemba hoteli za Arusha na tiketi za kuja KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) zinapanda bei vibaya mno. Ya nne ni ya dini na ya siasa, Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa hiyo usikariri ya mwaka jana, na mwaka wa uchaguzi mkuu Oktoba iache kabisa. Halafu kuna AFCON ya 2027 tuliyopewa sisi na Kenya na Uganda, anayepanga mwaka huo aangalie ratiba yake kwanza.

Mi nikiulizwa napendekeza mwisho wa Januari au kati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba. Wengine wanapenda kuunganisha na Kilimanjaro Marathon ya Moshi mwishoni mwa Februari, ni wazo zuri sana ila vyumba Moshi vinajaa mapema, kwa hiyo laleni Arusha na mpange mabasi.

2. Gawa kazi kwa majina. Katibu, mhazini, mkuu wa kamati ya kitaaluma, mtu wa wageni na viza, mtu wa ukumbi na chakula, mtu wa tovuti na mawasiliano. Kila mmoja awe na msaidizi anayejua nywila zote, maana mtu anaumwa, anafiwa, anapata safari. Kongamano moja nililoshiriki mfumo wote wa usajili ulikuwa kwenye laptopu ya kijana mmoja na siku tatu kabla laptopu ikaibiwa kwenye basi, tukakesha tunapigia washiriki mmoja mmoja tuulize kama wamelipa.

3. Tengeneza bajeti kwa kutafuta kwanza namba ya watu wa kukulinda, yaani wanaolipa wangapi wanakutoa kwenye hasara. Usianze na ada. Anza na gharama ambazo zipo hata akija mtu mmoja (ukumbi, tiketi za watoa mada wakuu, tovuti, wakalimani, vyombo vya sauti), halafu gharama inayoongezeka kwa kila kichwa (chakula, chai, beji, mkoba, usafiri). Mfano tu wa hesabu: za kwanza milioni 60, kila kichwa 250,000, ada 750,000. Kila anayelipa anakuachia 500,000, kwa hiyo watu 120 wanaolipa kamili ndo wanakutoa kwenye hasara. Mia na ishirini wanaolipa, sio wanaosema watakuja.

Sasa hapo kuna mtego. Utataka wanafunzi waje kwa bei nafuu, na wanatakiwa waje kweli kweli, tusipowaleta hawa hii fani itaendelea kuwa ya wageni. Lakini mwanafunzi akilipa 100,000 wakati anakula za 250,000, kila mmoja anakutoboa 150,000. Wanafunzi 80 ni milioni 12, na namba yako ya kujilinda imepanda kutoka 120 hadi 144. Usiwapunguze, ila hiyo milioni 12 iandike kwenye bajeti kama kitu kinachotafutiwa mdhamini kwa jina lake, mdhamini anapenda kuambiwa "utalipia wanafunzi 80" kuliko "tuchangie kongamano".

ANGALIZO kuhusu wadhamini: kampuni za virutubisho vya wanamichezo zitakuja na hela mkononi. Kwenye sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, mwanariadha anawajibika mwenyewe kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama kopo halikuandika, na virutubisho kuchanganyika na vitu vilivyokatazwa ni tatizo linalojulikana. Ukumbini kwako wamekaa wanariadha wanaopimwa. Usiruhusu mtu agawe poda na vidonge vya bure mlangoni, hata alipe kiasi gani.

Kuhusu malipo yenyewe, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo kaa na mhasibu wa chuo muandike ada kwa shilingi inavyotakiwa kabla hujaitupia dola kwenye tovuti kama tulivyozoea. Chuo cha umma malipo yanapita kwa namba ya malipo ya serikali, jaribu mwenyewe kama mtu aliyeko Ujerumani anaweza kulipa kwa kadi yake, usiamini maneno. Anayetuma kwa benki mwambie makato ni ya mtumaji, la sivyo hela inafika pungufu, mfumo unagoma, na ugomvi unakuwa wako.

Na manunuzi ya chuo cha umma yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi wa mtandaoni. Mikoba, uchapishaji, chakula, vyote. Anza miezi minne kabla, sio wiki tatu.

4. Ukumbi. Arusha kuna AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), kuna hoteli kubwa, kuna vyuo. Nenda mwenyewe, tena nenda siku kuna shughuli ya watu wengine uone hali halisi. Angalia jenereta inawaka baada ya muda gani umeme ukikatika, wifi inabebaje simu 200 kwa wakati mmoja, vyumba vya vikao sambamba vimekaribiana au mtu atatembea dakika kumi, kuna ngazi tu au kuna njia ya kiti cha magurudumu. Hili la mwisho kwa fani yetu ni aibu ukilikosa, watafiti wa michezo ya watu wenye ulemavu watakuja na wanamichezo wenyewe watakuja, huwezi kumbeba mtu ngazini halafu ukapande jukwaani kuongelea ujumuishi.

5. Vibali. Kongamano la kukaa na kusikiliza halina shida kubwa. Shida inaanza pale mnapotaka kupima watu. Kuna mtu lazima atasema "tufanye onyesho la kupima laktati" (kitu kinachopanda kwenye damu mtu akikimbia kwa nguvu) au "tuwapime wakimbiaji wa hapa tupate data". Kumtoboa mtu kidole mbele ya wageni ukaandika namba zake ukazichapisha huo tayari ni utafiti, unataka kibali cha maadili na ridhaa ya maandishi, na mtafiti wa kutoka nje anahitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na ukigusa afya utaambiwa pia habari za NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa). Ukitaka onyesho tu basi apimwe mtaalamu mwenyewe aliyeleta mashine, na namba zisihifadhiwe.

Vifaa vya maonyesho: wakala wa forodha aongewe mapema, vitu vinaingia kwa muda na vitarudi, orodha iwe na namba za mashine. Mtungi wa gesi ya kurekebishia mashine ya kupimia hewa mtu hawezi kupanda nao ndege, utafute hapa au onyesho lifutwe. Umeme wetu ni volti 230, mtu wa Marekani akichomeka kifaa cha volti 120 bila transfoma kinaungua, waandikie kabla.

6. Mwito wa ikisiri, miezi 9 au 10 kabla. Ukurasa mmoja tu: mada kuu, tarehe za muhimu, ada, urefu wa ikisiri (maneno 300 yanatosha), na muundo wake, yaani usuli, mbinu, matokeo, hitimisho. Maeneo yaorodheshe kwa uwazi: fiziolojia ya mazoezi, biomekanika, saikolojia ya michezo, lishe, tiba ya michezo, elimu ya viungo shuleni, mazoezi kwa afya ya jamii, uongozi wa michezo. Kosa la kawaida ni kukubali ikisiri inayosema "matokeo yatawasilishwa ukumbini". Hapana. Kama matokeo hayapo hiyo sio ikisiri ya utafiti, mpeleke kwenye kikao cha mapendekezo ya utafiti cha wanafunzi.

Ikisiri nyingi zitaingia siku mbili za mwisho, usiogope kimya cha wiki sita za mwanzo. Ongeza muda mara moja tu, wiki mbili. Ukiongeza mara tatu watu wanajua tarehe zako hazina maana na ada nayo watachelewesha vilevile.

Na usiahidi kuchapisha kwenye jarida lenye jina kubwa kama hamjasaini kitu. Ahidi kitabu cha ikisiri, hicho unakiweza.

7. Uhakiki. Kila ikisiri isomwe na wahakiki wawili wasioona jina la mwandishi, na mhakiki mmoja asipewe zaidi ya 8. Ikisiri 150 mara mbili ni 300, gawa kwa 8, unahitaji watu 38 hivi, waanze kutafutwa leo. Fomu yao iwe na maswali machache: swali la utafiti linaeleweka? mbinu zinajibu swali? kibali cha maadili kimetajwa? hitimisho linatoka kwenye matokeo au limetoka hewani?

Hapa nasema kwa moyo wote, msikatae kazi ya mtu wa Bujumbura au Lubumbashi kwa sababu Kiingereza chake kimeyumba. Kama sayansi ipo mpeni mtu wa kumsaidia lugha. Nimeona ikisiri nzuri sana ya mwalimu wa elimu ya viungo, kapima watoto wa shule za msingi kwa stopuwochi na kamba ya mita, kazi safi, ikapata sifuri kwa sarufi. Tuliirudisha ikapitiwa upya na siku ya siku chumba kilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni.

8. Watoa mada wakuu. Watatu au wanne wanatosha. Angalau nusu watoke Afrika. Tiketi zinakula bajeti kuliko kitu kingine, na mtu mmoja mkubwa kutoka Ulaya ambaye atakaa siku zote tatu akaongea na wanafunzi ana faida kuliko watatu wanaoingia asubuhi na kuondoka jioni, kwa hiyo kwenye barua ya mwaliko andika kabisa kwamba tunaomba ukae na uongoze kikao kimoja cha wanafunzi. Waandikie mwaka mmoja kabla.

9. Barua za mwaliko na viza. Sikiliza vizuri hapa. Watajisajili watu wasio na ikisiri, hawajalipa, wanataka barua ya mwaliko leo hii, wengine makundi ya watu kumi wenye barua pepe zinazofanana. Wanatafuta viza tu. Barua itoke kwa aliyelipa au mwenye ikisiri iliyokubaliwa, iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, namba ya kumbukumbu, na isiseme kwamba chuo kitamlipia kama hakitamlipia. Nakala za pasipoti ni taarifa binafsi na sheria yetu ya 2022 inazilinda, zisizunguke kwenye grupu la WhatsApp la kamati.

Waulize Uhamiaji kwa maandishi wageni wa kongamano waombe aina gani ya viza, jibu lao ndo uliweke kwenye tovuti, maana mtu akiombea aina isiyo sahihi usumbufu unampata uwanja wa ndege. Kuna mataifa yanahitaji ruhusa ya awali na inachukua muda zaidi, hao waambieni miezi mitatu kabla. Cheti cha homa ya manjano kinatakiwa kwa anayetokea nchi zenye ugonjwa, na watu wanasahau kwamba mgeni wa Ulaya aliyepitia Kenya wiki moja kwa utafiti naye anahesabika, chanjo iwe imepita siku 10. Anayetaka kumalizia Zanzibar mwambie kule wageni kutoka nje wanalipia bima yao ya lazima.

10. Ratiba. Piga hesabu kabla ya kukubali ikisiri, sio baada. Vyumba 3, kikao cha dakika 90, kila mtu dakika 15 (10 za kuongea, 3 maswali, 2 za kubadilishana), hao ni watu 6 kwa kikao. Siku ya kwanza vikao 2, ya pili 3, ya tatu 1, jumla raundi 6, mara vyumba 3, mara watu 6, ni mawasilisho 108. Hizo ndo nafasi zako. Wengine ni posta, yaani bango la utafiti linalobandikwa ubaoni, saizi A0 ya kusimama, na uandike "ya kusimama" kwa herufi kubwa la sivyo utaletewa za kulala zisizoenea kwenye ubao. Posta zipewe saa nzima yake isiyogongana na chai wala chakula, ukiziweka wakati wa chakula hakuna atakayezisoma.

Jina la mtu lisiingie kwenye ratiba kabla hajalipa. Hili litakuokoa na vikao vyenye mtu mmoja.

Mgeni rasmi: tunajua anaweza kuchelewa kwa majukumu ya kitaifa, na akifika kuna itifaki, wimbo wa Taifa, risala, salamu za huyu na yule. Kosa ni kuweka ufunguzi saa tatu asubuhi halafu mtoa mada mkuu saa nne. Niliona profesa kasafiri zaidi ya saa ishirini akapewa dakika kumi na mbili badala ya hamsini kwa sababu ufunguzi ulimeza asubuhi yote, iliniuma sana. Anza na mada kuu saa mbili na nusu, vikao vya kwanza vifuate, ufunguzi rasmi uwe saa tano kuelekea chakula. Akichelewa chakula kinasubiri kidogo, sayansi imeshafanyika.

11. Siku ya makocha, kwa Kiswahili. Hii msiifanye pambo. Tangu mwanafiziolojia Bengt Saltin na wenzake wachapishe kazi zao kuhusu wakimbiaji wa Kenya mwaka 1995, ukanda huu umepimwa sana, mapafu, misuli, damu, vinasaba, chakula. Waliopimwa wangapi walirudishiwa matokeo kwa lugha wanayoielewa? Kocha wa Mbulu anayeamka saa kumi na moja alfajiri na vijana kumi na tano wasio na viatu vizuri ndo mwenye maswali ya kweli, kijana akipungukiwa madini ya chuma namjuaje, binti akikosa siku zake miezi minne ni kawaida ya mazoezi au ni hatari, wiki ya mwisho kabla ya mbio nipunguze kiasi gani.

Kwa hiyo: nusu siku nzima, Kiswahili kinatawala, watafiti wa nje ndo wavae visikilizio safari hii. Wakalimani wa moja kwa moja wanafanya kazi wawili wawili wakipokezana kila nusu saa hivi, usimkodi mmoja ukadhani umeokoa hela. Arusha ipo Mahakama ya Afrika na yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakalimani wazoefu wapo. Makocha wasilipe ada, walipiwe nauli, na waambie mapema chama cha riadha cha mkoa kisilete viongozi peke yake, taja kwa jina kocha unayemtaka.

Asubuhi ya siku hiyo wapelekeni wageni kuona mazoezi, kundi dogo dogo, kwa ruhusa ya kocha, bila kamera usoni kwa watoto.

12. Wiki ya mwisho.

- Madereva na SAA. Ndege ya 02:00 ni saa nane usiku, ya 08:00 ni saa mbili asubuhi. Mgeni anasoma nane, dereva anasikia nane, mgeni analala kwenye kiti pale KIA. Kwa dereva andika "saa 8 USIKU wa kuamkia Jumatano", kwa mgeni andika masaa 24. KIA mpaka mjini ni kama kilomita 50, saa nzima.
- Laptopu moja ya kongamano kila chumba, slaidi zote zimeshapakiwa jana yake. Watu kuchomeka laptopu zao jukwaani kunakula dakika tano kila mmoja.
- Fleshi skani virusi kwanza.
- Maiki mbili za ziada, betri, ekstensheni, adapta za pini tatu za mraba maana wageni watakuja na za duara.
- Vyeti vichapwe majina yaliyosahihishwa na wenyewe, tuma orodha wakague.
- Mbio za asubuhi za washiriki: ni lazima mtakuwa nazo, ni watu wa mazoezi. Kilomita 5, polisi wa barabarani wajue, gari la wagonjwa liwepo pamoja na mashine ya kushtua moyo, na aliyefika jana kutoka usawa wa bahari aambiwe aende taratibu.

13. Siku zenyewe. Katibu asitoe mada wala asikae kwenye kikao, kazi yake ni kuzunguka. Kila mwenyekiti wa kikao apewe kadi tatu, dakika 5, dakika 1, SIMAMA. Ratiba ikibadilika ibandikwe mlangoni na itumwe kwenye grupu moja tu la washiriki ambalo wanakamati pekee wanaandika. Chakula kiwe na cha wasiokula nyama, na kisiwe wali na pilau na chapati tu siku tatu mfululizo, wataalamu wa lishe wako ukumbini.

14. Baada. Ndani ya wiki mbili: vyeti vya mtandaoni, asante kwa watoa mada, kitabu cha ikisiri kwenye tovuti, hesabu kwa chuo, na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili uende kwa makocha waliokuja. Huo muhtasari ndo unaosahaulika kila mara, mpe mtu jina lake kabisa kwamba ni kazi yake.

Mambo yakienda kombo

*Ikisiri zimeingia 40 tu na muda umeisha.* Usitume tangazo lilelile kwa orodha ileile. Piga simu idara moja moja, Dar kuna idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo pale UDSM, Kenya kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, waombe kila idara ikisiri tano za wanafunzi wa uzamili. Vyumba punguza viwe viwili, kongamano dogo lililojaa linapendeza.

*Mtoa mada mkuu kaghairi wiki moja kabla.* Muombe arekodi au aongee kwa Zoom, lakini uwe na mtu wa akiba aliyepo tayari mjini, tena umwambie mapema kwamba ni wa akiba na umlipe heshima hiyohiyo.

*Intaneti imekufa.* Kila chumba kiwe na modemu ya kampuni nyingine ya simu tofauti na ya ukumbi, na video zote ziwe zimepakuliwa.

*Umeme umekatika katikati ya wasilisho.* Mwenyekiti wa kikao aendeleze maswali na majibu bila slaidi, watu wasitoke nje maana kuwarudisha ni kazi.

*Mgeni kazuiwa uwanja wa ndege.* Mtu wa viza awe na simu iliyowashwa usiku kucha na nakala ya barua ya mwaliko kwenye simu hiyo. Aongee na afisa kwa adabu, amtumie barua, amthibitishie mahali mgeni atakapolala. Asianze kutaja majina ya wakubwa.

*Kuna watu wanawapigia wageni wako wakijifanya wakala wa hoteli wa kongamano.* Hili linatokea sana, wanachukua namba za kadi. Andika kwenye tovuti na kila barua pepe kwamba kongamano halina wakala wa hoteli na halitampigia mtu simu kuomba kadi. Orodha ya washiriki yenye barua pepe zao usiiweke hadharani.

*Mwanafunzi kasimama kuwasilisha, kaogopa, kanyamaza.* Mwenyekiti amuulize swali jepesi, "hebu tuambie ulipima akina nani na wapi", kwa Kiswahili kama anakijua. Akishaanza kueleza ataendelea mwenyewe, na mtu wa karibu atawatafsiria wageni.

*Hela zimeisha siku ya pili.* Mambo ya kukata kwanza: chakula cha jioni cha kuagana, mapambo, mikoba. Nauli za makocha usiziguse.